Sindano Sita

Daktari wa mifugo aliandika jina la dawa kwenye kadi, akaigeuza ili nisome mwenyewe. Vinkristini. Akaanza kunieleza: sindano moja kila wiki, kwenye mshipa, kwa wiki nne mpaka sita, na kabla ya kila sindano tutapima damu. Alizungumza taratibu, kama mtu aliyezoea kuwaeleza wasiojua. Sikumwambia kwamba jina hilo nalijua. Niliomba nitoke nje kidogo. Nilisimama kando ya tangi la maji nikijaribu kupumua, na mbwa akaja nyuma yangu akiburuta kamba yake, kwa sababu nilikuwa nimesahau kuishika.

Mbwa huyo aliitwa Kisamvu, na hakuwa wangu. Mimi ni mlezi wa muda. Hapa Dar es Salaam kuna kikundi kidogo cha watu wanaookota mbwa waliogongwa, waliotelekezwa, au wanaougua mitaani. Hawana eneo la kuwaweka, kwa hiyo hutupigia simu watu kama mimi. Namchukua mbwa nyumbani, namlisha, nampa dawa, namzoesha binadamu, mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Wengine hukaa wiki mbili, wengine miezi mitano. Huwa nawapa jina la chakula nilichopika siku waliyofika, na ndiyo maana nimewahi kuishi na Ufuta, Mchicha, watoto wanne wa mama mmoja ambao wote kwa pamoja waliitwa Dagaa, na dume mmoja mzee, kipofu wa jicho moja, aliyebahatika kufika siku ya pilau.

Kisamvu aliokotwa Kigamboni, nyuma ya vibanda vya chipsi, akitokwa damu sehemu za siri. Wauza chipsi walidhani yuko kwenye joto, maana madume walikuwa wakimfuata. Kumbe ni uvimbe, umechomoza kama ua la koliflawa. Daktari alinieleza kwamba hii ni saratani ya ajabu: inaambukiza. Seli zenyewe za saratani huhama kutoka kwa mbwa mmoja kwenda kwa mwingine wanapopandana, au hata wanaponusana na kulambana. Wanasayansi wamefuatilia vinasaba vyake na kugundua kwamba ilianzia kwa mbwa mmoja tu, aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Yeye alishakufa, ila saratani yake bado inatembea duniani.

"Lakini usiogope, dada," alisema. "Ni saratani inayosikia dawa. Wengi wanapona kabisa."

Miaka tisa kabla ya siku hiyo, upande wa pili wa jiji hili hili, Mama alikuwa ameambiwa maneno karibu na hayo kuhusu mdogo wangu.

*

Alikuwa kitinda mimba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili alipozaliwa, na pale kwetu Tanga, Ngamiani, watu walizoea kuniona nikienda dukani naye mgongoni. Alipofikisha miaka tisa, taya lake la kulia lilivimba. Tukasema ni jino. Likang'olewa jino, uvimbe ukaendelea. Likang'olewa la pili. Wiki tatu baadaye jicho la upande ule lilianza kufunga.

Saratani ile inaitwa Burkitt, kwa jina la daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Kampala. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya watoto aliowaona Uganda, mmoja baada ya mwingine, wenye uvimbe wa taya. Ni ugonjwa wa watoto wa ukanda wetu, ule ukanda wa joto na malaria. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Na kwa kuwa seli zake zinagawanyika kwa kasi hivyo, dawa huzikamata vizuri. Ukiwahi, mtoto ana nafasi nzuri. Sisi tulipoteza wiki zetu kwenye meno.

Walihamishiwa Dar es Salaam, yeye na Mama. Mimi nilikuwa tayari hapa, mwaka wa pili chuo kikuu. Kati ya hosteli yangu na hospitali palikuwa na daladala mbili tu. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba "wakati ule nilikuwa chuo", nao hunionea huruma wakidhani chuo kilikuwa mbali.

Walilazwa miezi minne. Nilikwenda mara mbili.

Mara ya kwanza dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi na uvimbe ulikuwa umepungua kwa namna ambayo hata wauguzi walifurahi. Nywele zilikuwa zimenyonyoka. Aliniomba ubuyu, ule wa Zanzibar, mwekundu, wenye pilipili. Nikamwambia wiki ijayo. Mara ya pili nilikwenda bila ubuyu, nikamkuta amelala, nikakaa dakika ishirini, nikashukuru moyoni kwamba hakuamka. Baadaye niliununua. Ulikaa kwenye droo ya hosteli mpaka ukaganda.

Badala ya kwenda, nilituma pesa. Kila Ijumaa nilimtumia Mama elfu kumi kwa simu, kutoka kwenye mkopo wangu wa chuo, nikajihesabia kwamba nimetimiza wajibu. Siku moja Mama alinipigia. Aliniambia mishipa ya mtoto imekuwa migumu kupatikana, kila wakimdunga anarusha mkono, na sindano ile haitaki mkono ucheze, maana dawa ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. "Njoo basi kesho unisaidie kumshika," alisema. "Mimi nguvu zimeniisha."

Nikamjibu kwamba kesho nina jaribio la takwimu.

Ni kweli nilikuwa na jaribio. Lilianza saa nane mchana. Sindano zilikuwa asubuhi.

Ugonjwa ulirudi mwezi wa nne, safari hii kwenye kichwa na uti wa mgongo. Alifariki Jumatano alfajiri. Tulimzika Tanga siku hiyo hiyo jioni, na mimi nilifika makaburini wakati watu wanakung'uta udongo mikononi.

*

Watu wanaofuga mbwa hupenda kusema kwamba mbwa aliwaokoa kwa upendo wake. Mimi siwezi kusema hivyo. Mbwa wa kwanza niliyemlea, Ufuta, hakunipenda hata kidogo. Alikaa chini ya karo la kufulia siku tisa akininguruma.

Nilimpokea kwa aibu tu, si kwa huruma. Nilikuwa nimeshahitimu, nimeajiriwa ofisi ya mahesabu, nimepanga nyumba ndogo ya uani huko Kigamboni. Kwa nje nilikuwa mtu mzima anayejitegemea. Ndani, Jumamosi na Jumapili sikuwa nikitoka kitandani. Nilikula mkate mkavu na chai. Simu za Mama nilizipokea nikiwa na sauti niliyoiandaa. Sikuwa na jina la hali ile. Nilidhani ni uvivu. Mwenzangu wa kazini, mmoja wa watu wa kile kikundi, alikuwa amekwama na mbwa ambaye mwenye nyumba wake hakumtaka. Akaniuliza kama naweza kumkaa nacho kiumbe chake siku mbili. Sikuweza kupata uongo wa haraka.

Siku mbili zikawa wiki tano. Na kilichonibadilisha kilikuwa saa tu. Mbwa mwenye ukurutu anahitaji dawa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Anahitaji uji wa dona na vichwa vya dagaa, na mtu lazima avinunue, avichemshe, aupoze. Jumamosi nililazimika kuamka. Nikishaamka, nilikuwa nimekwishaamka. Nikafagia uwanja, nikafua, nikaswali alfajiri kwa wakati kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Siku ya kumi Ufuta alitoka chini ya karo, akanipita kana kwamba mimi ni ndoo, akaenda kulala juani. Nililia kama mtoto.

Kuhusu kuswali: najua wasomaji wengine wanajiuliza. Nimelelewa Pwani, katika madhehebu ya Imam Shafi, na nilifundishwa madrasa kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, kwamba chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara mojawapo kwa udongo. Sikuacha hayo. Nina nguo za mbwa na nguo zangu. Nina kopo la udongo safi kando ya bomba la nje, na majirani wamelizoea. Mbwa haingii ndani. Banda lake liko chini ya mwembe. Lakini mwalimu yule yule wa madrasa ndiye aliyetusimulia kisa cha mtu aliyemkuta mbwa akiramba mchanga kwa kiu, akashuka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake, akamnywesha, na Mungu akamsamehe. Nilipokuwa mdogo nilijiuliza kiatu kile alikiosha mara ngapi. Sasa najua. Mara saba, na kazi yenyewe haichukui hata dakika tano.

Majirani walikuwa wagumu zaidi ya dini. Mzee wa nyumba ya pili alikuja na fimbo wiki ya kwanza. Hakuwa mjinga. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Wapatao wanne kati ya kumi ni watoto. Sikubishana naye. Nilimwonyesha kadi ya chanjo ya mbwa, kisha nikamwonyesha yangu mwenyewe, maana walezi wote huchanjwa kabla. Nikamweleza kwamba mbwa saba kati ya kila kumi wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa pa kupita. Na kwamba mtoto aking'atwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, halafu hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri kuona mbwa atafanyaje. Alisikiliza. Akauliza, "Hiyo chanjo, na yangu ataipata?" Ana mbwa wa ulinzi watatu. Mwezi uliofuata tulikodi daktari, tukachanja mbwa kumi na saba wa mtaa mzima chini ya mwembe wangu.

Kwa hiyo Kisamvu alipofika nilikuwa na miaka mitatu ya kazi hii, mbwa kumi wameshapita mikononi mwangu, na nilidhani sehemu ile ya maisha yangu imeshapona.

*

Sindano ya kwanza sikumshika. Niliporudi ndani kutoka kwenye tangi la maji nilimwambia daktari kwamba naogopa damu. Msaidizi wake akamshika. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama kalenda ya ukutani.

Usiku ule nilisoma mpaka saa nane. Nilikuta kwamba dawa ile, ambayo madaktari wameitumia tangu miaka ya 1960, hutolewa kwenye ua. Nikafungua picha yake. Ua dogo lenye petali tano, rangi ya waridi au nyeupe, asili yake Madagaska, siku hizi limeota pwani yote. Lilikuwa kwenye makopo ya rangi barazani kwetu Tanga. Mama alilimwagilia maji ya kuoshea mchele. Sisi tuliliita ua la kopo, na mdogo wangu alikuwa na tabia ya kung'oa petali zake na kuzibandika kwenye kucha za miguu.

Nilizima simu, nikatoka nje. Kisamvu alikuwa amelala bandani. Nilimtazama na nikamchukia. Naandika hili kwa sababu nimesoma makala nyingi za wapenda mbwa na sijawahi kulikuta. Nilimchukia kwamba yeye, mbwa koko wa nyuma ya vibanda, atapona. Kwamba kuna watu wamechanga pesa za dawa yake. Kwamba kwake kila kitu kimewahi. Nilisimama pale mpaka mbu wakanichosha, nikaingia kulala. Asubuhi saa kumi na mbili alikuwa anasubiri uji, kwa hiyo nikapika uji.

Wiki ya pili msaidizi wa daktari hakuwepo. Daktari akaniuliza, "Utaweza kumshika?"

Nikasema nitaweza.

Unamkumbatia mbwa kwa mkono mmoja chini ya shingo, kichwa chake kikiwa kimeegemea bega lako, asigeuke. Mkono wa pili unashika mguu wa mbele nyuma ya kiwiko, na kidole gumba kinabana mshipa na kuusogeza kidogo upande wa nje ili uvimbe. Daktari akishaingia kwenye mshipa, unaachia kidole gumba taratibu lakini mguu huachii. Halafu unasubiri. Dawa yenyewe ni kidogo sana, haijai kijiko cha chai. Inapita, kisha daktari anasafisha kwa maji ya chumvi, anachomoa, anabana pamba. Hata dakika tano haziishi. Muda wote ule nilihisi moyo wa Kisamvu ukinipiga kifuani, na pumzi yake ya dagaa sikioni. Hakucheza hata kidogo.

"Una mkono mzuri," daktari alisema.

Nilisema asante. Nilipofika kwenye bajaji nilitetemeka mpaka dereva akauliza kama mbwa ameniuma.

Dereva huyo nilimpata baada ya wanne kukataa. Alitandika gunia kwenye kiti cha nyuma na kunitoza mara moja na nusu, nami sikulalamika. Kila Jumamosi tuliingia kwenye pantoni saa moja na nusu asubuhi, bajaji katikati ya magari na mikokoteni, abiria wakituachia nafasi kubwa kuliko tuliyohitaji. Kisamvu alitoa kichwa nje akinusa bahari. Wiki ya tatu mama mmoja mwenye beseni la vitumbua aliuliza anaumwa nini. Nikamwambia saratani. Akanyamaza mpaka tulipokaribia ng'ambo, kisha akasema, "Kumbe na wao." Alipokuwa anashuka alimwachia kitumbua kimoja juu ya gunia.

Baada ya kila sindano, kwa siku kadhaa, nilivaa glavu kusafisha mkojo na kinyesi chake, maana dawa hutoka humo. Siku ya pili na ya tatu hakula. Nilimchemshia supu ya utumbo na kukaa chini kando yake nikimpa kwa kidole. Uvimbe ulipungua kwa kasi: wiki ya tatu ulikuwa nusu, damu imekatika.

Wiki ya nne vipimo vilionyesha chembe nyeupe za damu zimeshuka mno. Daktari alisema hatuwezi kumdunga leo, tusubiri wiki. Alisema ni jambo la kawaida. Najua ni la kawaida. Lakini na sindano za mdogo wangu ziliwahi kuahirishwa kwa sababu hiyo hiyo, na ilikuwa baada ya kuahirishwa huko mambo yalipoanza kuharibika, au ndivyo nilivyojipangia hadithi. Wiki ile sikulala. Nilikuwa nikiamka usiku kumgusa masikio kuona kama yana moto. Na usiku mmoja, nimekaa bandani na tochi ya simu, nilijisikia nikisema kwa sauti, "Nisamehe." Sikuwa nasema na mbwa.

Chembe zilipanda. Sindano ya nne, ya tano, ya sita. Zote nilishika mimi.

*

Mama alikuja Dar es Salaam kwa ajili ya harusi, kati ya sindano ya tano na ya sita. Alikuwa akijua kuhusu mbwa, na msimamo wake ulikuwa kutouliza. Alipofika alikaa kwenye mkeka barazani, mbali na mwembe, akamtazama Kisamvu kwa muda mrefu. Kisamvu naye akamtazama.

"Huyu naye anaumwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa jibu jepesi. Badala yake nilimwambia ukweli: saratani, na dawa yake ni ile ile. Nikaitaja kwa jina. Mama hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini yale majina matatu ya dawa anayakumbuka mpaka leo kwa mpangilio waliyokuwa wakiyaandika kwenye faili.

Alinyamaza. Nilidhani ameudhika kwamba dawa ya mwanawe anapewa mbwa. Kisha akauliza:

"Nywele zimenyonyoka?"

"Hapana, Mama. Mbwa huwa hawanyonyoki sana."

"Afadhali," akasema. "Yeye kilichomliza zaidi ni nywele."

Sikuwa nalijua hilo. Tangu mazishi hatukuwahi kuzungumza juu ya miezi ile minne, kwa sababu yeye aliiishi na mimi sikuiishi, na sikuona nina haki ya kuuliza. Nikamwambia hapo hapo, haraka, kabla sijajizuia, kuhusu ubuyu. Kwamba aliniomba. Kwamba niliununua na sikuupeleka. Nikamwambia na jaribio la takwimu lilianza saa nane mchana.

Mama alitazama mikono yake.

"Ubuyu angeulaje," akasema. "Mdomo wote ulikuwa vidonda. Hata maji alikuwa analia." Halafu, baada ya kitambo: "Lakini kumshika, ungekuja. Siku ile nilimwita mlinzi wa getini akaja kunisaidia."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anavyosema bei ya unga. Nilikuwa nimetumia miaka tisa nikiomba ama nisamehewe yote, ama nihukumiwe yote, na hapa Mama alikuwa amegawa mambo kwa haki: hili si kosa lako, hili ni lako. Sijui kwa nini hilo lilinipa nafuu kuliko kama angesema yamepita. Nadhani kwa sababu deni likishajulikana ni kiasi gani, unaweza kulibeba.

Jumamosi ile aliniuliza bajaji inakuja saa ngapi. Hakupanda, alisimama getini akiwa amejikunja kanga, akaangalia namna ninavyombeba Kisamvu kumweka juu ya gunia.

"Mshike vizuri," akasema.

*

Watu huniuliza, nawezaje kuwaachia? Nikishamlisha, nikishamkesha, nawezaje kumkabidhi mtu mwingine na kurudi na kamba mkononi? Wengine huniona nina roho ngumu. Mimi mwenyewe mwanzoni nilidhani hiyo ndiyo gharama ya kazi hii, kwamba malezi ndiyo sehemu nzuri na kuaga ndiyo sehemu mbaya.

Siku hizi naona nililihitaji lile la kuaga zaidi. Mbwa kumi na mmoja wameondoka kwangu, na wote nilikuwepo wanapoondoka. Nilijua saa, nikaosha bakuli lao, nikaandika kwenye karatasi wanachopenda na wanachoogopa. Sikumwachia hata mmoja kwa kutuma pesa. Sisemi kwamba hilo linafidia. Mbwa si mdogo wangu, na mtu akiniambia Mungu alimchukua mmoja ili niokoe wengine, huwa nabadilisha mazungumzo. Ninachosema ni kwamba kuna jambo sikuliweza nikiwa na miaka ishirini na moja, nalo ni kukaa karibu na kiumbe kinachoumia bila kuwa na la kufanya isipokuwa kukishika. Hilo nimejifunza. Nimelijifunza kwa kuchelewa, kwa mbwa, na sasa ninalo. Mwaka jana shangazi yetu alipolazwa, nilikuwa wa kwanza kufika, na nililala kwenye kiti usiku sita.

Kisamvu alichukuliwa na wazee wawili wastaafu wenye shamba dogo la mihogo nje ya jiji. Nilipowaambia jina lake walicheka sana. Nilikuwa nimewaandikia karatasi: anapenda utumbo, anaogopa radi, anapenda kutoa kichwa nje kwenye gari, mpelekeni akakaguliwe baada ya miezi mitatu. Yule bibi alichuchumaa, akamshika kidevu, na Kisamvu akaegemeza kichwa begani kwake vile vile alivyozoea kuegemea kwangu wakati wa sindano. Niliona wivu kidogo. Kisha nikaingia kwenye bajaji, dereva akakunja gunia lake, tukarudi kwa pantoni bila kuzungumza.

Banda lilikaa tupu siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu simu ililia: jike amezalia mtaroni, watoto watano, mvua inakuja. Nikasema waleteni. Nilipiga simu Tanga jioni ile nikiwa nachemsha maziwa, na mtoto mdogo kuliko wote akilia ndani ya kasha la maboksi miguuni pangu.

Mama aliisikia ile sauti. Akavuta pumzi ya mtu aliyekata tamaa na binti yake.

"Haya," akasema. "Leo umepika nini?"